Mtoaji Damu Huhisi Nini, na kwa Nini?

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Usiku huo nimeuona huku kwetu Cheptais mchana kweupe. Nimewaona watu wazima, wenye nguvu za kupasua kuni na kubeba magunia ya vitunguu, wakiikimbia sindano ya kutoa damu kama watoto wadogo. Si kwamba ni wachoyo. Hawakujua watahisi nini, na mtu asiyejua jambo hulijaza kwa hofu. Katika makala haya nitaeleza anayoyapitia mtoaji damu, hasa yule anayetoa chembe za kugandisha damu, na kwa nini mwili wake hufanya hivyo.

Mwaka jana binamu yangu, bintiye shangazi, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alianza kutokwa na damu puani. Mwanzoni tulisema ni jua kali la Januari. Baadaye ufizi wake nao ukawa unavuja damu kila akipiga mswaki, na miguuni akatokwa na vidoa vyekundu kama mtu aliyepita katika miiba. Alipofikishwa katika hospitali moja kubwa iliyo mbali na kwetu, iligunduliwa kuwa ana saratani ya damu. Akaanzishiwa dawa kali. Dawa hizo huua seli za saratani, lakini kwa muda huudhoofisha pia uboho ulio ndani ya mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu. Siku moja daktari akamwambia shangazi, "Mama, chembe zake za kugandisha damu zimepungua sana. Ita watu wa nyumbani waje watoe."

Jamaa wakakutana kwa nyanya. Waliokuwa tayari kuuza ng'ombe walikuwa wengi. Damu ilipotajwa, kila mtu alitazama chini. Mmoja akasema damu ikitoka hairudi. Mwingine akasema ati mwanamume akitolewa damu hawezi tena kushika jembe. Nyanya akanong'ona neno moja tu: "Mumiani."

Neno hilo lina historia ndefu. Enzi za ukoloni, huko pwani na hata mjini Nairobi, watu walinong'onezana kuwa wazima moto huwateka watu usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wakoloni walikuwa wakichukua mashamba, kodi na nguvu za watu bila kuwaeleza kitu, kwa hiyo haikuwa ajabu watu kuamini kuwa wanachukua na damu. Hadithi ile ilisafiri mpaka ikafika sebuleni mwa nyanya.

Mwishowe ami yangu, mdogo wa baba, akasimama. "Mimi nitaenda," akasema. "Nikifa mtanizika." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alfajiri ya siku iliyofuata akapanda matatu ya Chwele na Bungoma, akaendelea na safari yake.

Chembe hizi ni nini?

Damu si kitu kimoja. Ukiiacha itulie katika chupa, hujitenga. Juu hukaa maji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazma. Chini kabisa hukaa chembe nyekundu, ambazo hubeba oksijeni. Katikati hubaki utando mwembamba wenye chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, pamoja na chembe za kugandisha damu, ambazo madaktari huziita pleteleti.

Pleteleti ni vipande vidogo sana vinavyokatika kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na mikrolita ni sehemu moja tu ya lita iliyogawanywa mara milioni. Ukijikata na panga, ndizo za kwanza kufika. Hujibandika penye jeraha, hushikana, kisha huita viungo vingine vya damu vije kufuma wavu wa kuziba tundu. Zikishuka chini ya 10,000 hivi, mtu anaweza kuvuja damu bila hata kukwaruzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa binamu yangu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba pleteleti haziwekeki kwa muda mrefu. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye friji kwa siku 35 hadi 42. Plazma ikigandishwa hukaa hata mwaka mzima. Lakini pleteleti huwekwa katika joto la nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole usiku na mchana, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Ukizitia kwenye baridi hubadilika umbo, na mwili wa mgonjwa huziondoa haraka. Kwa hiyo hakuna hospitali inayoweza kuweka akiba ya mwezi mzima. Kila juma ni lazima apatikane mtu mwingine wa kutoa.

Ami kwenye mashine

Kabla ya kutolewa chochote, ami aliulizwa maswali mengi. Je, umekula? Umewahi kuugua homa ya manjano ya ini? Umemeza aspirini siku hizi? Swali la aspirini lilimshangaza, lakini lina maana. Aspirini huzifunga mikono pleteleti zisiweze kushikana, na pleteleti iliyofungwa hivyo haiponi mpaka inapokufa, baada ya siku 7 hadi 10. Kumpa mgonjwa pleteleti za namna hiyo ni kama kumpa fundi misumari isiyo na ncha.

Kisha sindano. Ami husema wazi kwamba iliuma, lakini kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Sindano hiyo ni nene kuliko ya kudungia dawa, kwa sababu chembe zikipitishwa kwenye tundu jembamba zinaweza kusagika. Maumivu hutoka kwenye ngozi, ambayo imejaa neva. Sindano ikishaingia kwenye mshipa, neva za maumivu huko ni chache, ndiyo maana uchungu hupungua. Alipewa mpira mdogo wa kuminya. Haukuwa mchezo: misuli ya mkono ikijikaza hukamua mishipa na kuisukuma damu iende kwenye mashine.

Mashine yenyewe huizungusha damu kwa kasi. Mkulima wa kahawa ataelewa upesi. Kiwandani, kahawa ikitiwa majini, iliyo nzito huzama na iliyo nyepesi huelea. Mashine hufanya vivyo hivyo: chembe nyekundu nzito husukumwa nje, plazma hubaki ndani, na pleteleti hupatikana katikati. Pleteleti huingia kwenye mfuko pamoja na plazma kidogo. Chembe nyekundu na sehemu kubwa ya plazma humrudia mwenyewe. Damu haigusi chuma cha mashine kabisa. Hupita katika mipira safi ambayo hutumika kwa mtu mmoja tu, kisha hutupwa pamoja na sindano yake.

Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu hivi, wakati mwingine saa mbili. Dakika ishirini za kwanza ami alikuwa akitazama televisheni. Halafu, kwa maneno yake mwenyewe, sisimizi wakaanza kumtambaa midomoni. Mara wakafika kwenye ncha za vidole. Mdomoni akasikia ladha kama ya sarafu. Kifua kikawa kinatetemeka kidogo na baridi ikamwingia. Akakumbuka neno la nyanya, moyo ukamwenda mbio.

"Sista," akaita, "mnaniua! Nitoeni hapa."

Muuguzi alikuja, akapunguza kasi ya mashine, akamwambia, "Baba, pumua polepole. Unahisi vitu vinatambaa midomoni, sivyo? Hiyo ni kalsiamu. Kunywa maziwa haya, nitakueleza."

Akamweleza, na mimi nakueleza wewe. Damu ikitoka mwilini hutaka kuganda. Ikigandia ndani ya mashine, kazi imeharibika. Ili isigande hutiwa sitreti, ambayo ni jamaa ya ule ukali ulio ndani ya limau na chungwa. Damu haiwezi kuganda bila kalsiamu, na sitreti huishika kalsiamu isifanye kazi hiyo. Sasa, damu inaporudishwa mkononi, sitreti kidogo huingia nayo, na huko pia hushika kalsiamu. Kalsiamu ndiyo hutuliza neva. Ikipungua hata kidogo, neva huanza kupiga kelele zenyewe pasipo kuguswa. Midomo na ncha za vidole ndizo zenye neva nyingi zaidi, ndiyo maana sisimizi huanzia hapo.

Hofu nayo huongeza mambo. Mtu akiogopa huhema haraka haraka, na kuhema huko peke yake hupunguza kalsiamu iliyo huru katika damu. Kwa hiyo ami alikuwa akiwalisha wale sisimizi kwa woga wake. Aliposhusha pumzi, akanywa maziwa na kumeza vidonge vya kalsiamu, na mashine ikaenda polepole, hali ilitulia baada ya dakika chache. Sitreti haikai mwilini. Ini huivunja upesi, na kalsiamu huachiliwa tena. Jambo la lazima ni kusema mapema. Anayejikaza kisabuni na kunyamaza anaweza kufikia hatua ya misuli kukakamaa, na hapo ndipo huwa taabu.

Na ile baridi? Damu huondoka mwilini ikiwa na joto la nyuzi 37. Inapozunguka katika mipira hupoa, kisha hurudi ikiwa baridi kidogo. Ami alifunikwa blanketi, basi.

Alipomaliza alifungwa bandeji, akakazwa aibonyeze kwa dakika kadhaa na asibebe mzigo kwa mkono huo siku hiyo. Asiyebonyeza vizuri huvuja damu chini ya ngozi, akapata alama ya buluu inayokaa siku kadhaa. Ami alikuwa na alama ndogo, na aliionyesha kijiji kizima kama nishani.

Aliporudi, nyanya alimuuliza swali moja, "Damu yako wamechukua yote?"

"Wameirudisha, mama," ami akajibu. "Wamebaki na kijiko tu cha rangi ya manjano. Mumiani gani huyo anayekurudishia damu na kukupa maziwa?"

Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu. Juma lililofuata, wale waliotazama chini wawili wao walipanda matatu. Alichotoa ami kilipimwa kwanza, kikaingia katika akiba ya hospitali, na wagonjwa wakapewa kila mtu chenye kumfaa. Binamu yangu naye alipata sehemu yake kutoka katika akiba hiyo hiyo, na pua ikaacha kuvuja.

Na sisi wanafunzi?

Bila shaka utaniuliza, "Haya yanamhusu nini mwanafunzi wa shule ya kutwa?" Yanamhusu sana. Mashine ile ipo katika hospitali chache tu na huwahitaji watu wazima. Lakini pleteleti hupatikana pia kwa njia nyingine. Damu ya kawaida ikifikishwa mapema kwenye kituo, hutenganishwa ikawa mifuko mitatu: chembe nyekundu, plazma na pleteleti. Pleteleti za watoaji wanne hadi sita hukusanywa zikamtosha mgonjwa mmoja mkubwa. Nchini Kenya mtu anaruhusiwa kutoa damu akiwa na umri wa miaka 16 hadi 65, mzima wa afya, na uzito usiopungua kilo 50. Yaani hata sisi.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari ndio waliotoa sehemu kubwa ya damu nchini mwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wakenya walipanga foleni kutoa damu. Msiba ule ulionyesha kuwa haifai kusubiri maafa ndipo watu watafutwe, na baadaye ikajengwa huduma ya damu ya kitaifa yenye vituo vya kanda, kimojawapo kikiwa Eldoret. Lakini shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, damu iliadimika. Shirika la Afya Ulimwenguni limekuwa likikadiria kuwa nchi huhitaji angalau painti moja kwa kila watu mia moja. Katika sensa ya 2019 Wakenya walikuwa milioni 47.6. Fanya hesabu mwenyewe, utapata painti 476,000 kwa mwaka.

Nami nimetoa. Muhula wa kwanza timu ya damu ilipokuja, nilikuwa nimetimiza miaka kumi na sita na barua ya ruhusa ya wazazi nilikuwa nayo. Walinidunga kidole, wakadondosha tone la damu yangu katika maji ya buluu yenye salfeti ya shaba. Damu yenye chuma cha kutosha ni nzito, nayo huzama. Tone langu liliyumbayumba, likaelea. Nikarudishwa. Niliona haya, lakini muuguzi akaniambia kuwa wasichana wengi huwa hivyo kwa sababu ya hedhi, na kwamba nile managu, maharagwe na nyama ikipatikana, nisinywe chai pamoja na chakula kwa kuwa chai huzuia mwili kufyonza chuma. Muhula wa tatu tone lilizama kama jiwe.

Walichukua mililita 450, kwa muda wa dakika kumi hivi. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, kwa hiyo hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi. Sikuhisi sisimizi, kwa sababu katika njia hii sitreti hubaki ndani ya mfuko, hairudi mwilini. Kosa langu lilikuwa kusimama ghafla. Masikio yakavuma, macho yakaingia giza, jasho baridi likanitoka. Nikalazwa na miguu ikainuliwa, na baada ya dakika tano nilikuwa nikinywa soda.

Sababu yake ni hii. Damu imepungua kidogo, nawe unasimama; iliyobaki hushuka miguuni, ubongo ukapungukiwa. Tena ukiwa na woga, kuna neva moja ndefu iendayo moyoni ambayo huuambia moyo upige polepole wakati ambapo ungepaswa kwenda mbio. Mtu huanguka. Kwa hiyo kula kabla ya kwenda, kunywa nusu lita ya maji, na ukimaliza usiwe na haraka. Mwili hurudisha maji ya damu kwa siku moja au mbili. Pleteleti hujazwa kwa siku chache. Chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa, na ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi mitatu na mwanamke miezi minne kabla ya kutoa tena. Damu ikitoka hurudi, msomaji. Yule aliyesema hairudi alikosea.

Binamu yangu bado yuko kwenye matibabu. Nywele zimeanza kuota, laini kama manyoya ya kifaranga, na juzi alinishinda katika mchezo wa kuruka kamba. Sijui ni watu wangapi walilala kwenye kile kiti wakiwa na sisimizi midomoni ili yeye aruke kamba. Wengi wao hatutawajua majina.

Basi timu ya damu itakapokuja shuleni, usijifiche chooni. Nenda ukapimwe. Ukirudishwa, kula mboga ujaribu tena. Ukipita, lala ukijua kila utakalohisi lina sababu yake. Na kwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hata sisi tusio na shilingi mfukoni tunacho cha kutoa.